Juma Ambalo Sun-ok Hakuchora

Tak Sun-ok alikuwa na miaka arobaini na minne alipopata katuni yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na minane kabla ya hapo alikuwa akiwachorea wenzake mandhari: madirisha, ngazi, matawi, mvua. Jina lake liliandikwa mwishoni kwa herufi za kufinyia macho, na mara nyingine halikuandikwa kabisa. Kwa hiyo siku hadithi yake ilipokubaliwa, hadithi ya familia inayouza supu ya mifupa, ya kusomwa kwenye simu kila Alhamisi, alipika sufuria kubwa akawaita majirani wote wa ghorofa yake katika mji wa Bucheon.

Kila Alhamisi ilidai visanduku sabini vya picha za rangi. Miezi mitano alivimudu kwa kujinyima. Alikula tambi za mchuzi mweusi mezani pa kazi na kusinzia kitini. Mwezi wa sita kifundo cha mkono wake wa kulia kikavimba hata akashindwa kufungua chupa ya mafuta. Daktari alimfunga bandeji na kumtaka apumzike. Bi Pyo, mhariri wake, hakumficha kitu.

"Mwalimu, ukikosa juma moja wasomaji watakusubiri," alimwambia kwenye simu, akimwita kwa heshima kama wachoraji wanavyoitwa. "Ukikosa matatu, watakuwa wamepata supu kwingine."

Akampa hilo juma moja.

Mdogo wake, Sun-hui, fundi wa kushona mavazi ya harusi, alikuwa amekuja siku chache kabla kumwoshea vyombo. Aliona kazi ya dada yake kwa karibu kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa fundi hawezi kutazama kazi bila kuipima, alichukua daftari akawa anaandika. Asubuhi ya kwanza ya lile juma la mapumziko, wakiwa wanakunywa chai ya shayiri, akalifungua.

"Dada, usiudhike."

"Ukianza hivyo, nimeshaudhika."

"Juzi ulikaa mezani kwa muda wa saa kumi na moja. Ulichora kwa saa nne tu."

"Na zile saba nilikuwa nacheza?"

"Ulikuwa unatafuta. Una faili linaitwa 'mwisho', jingine 'mwisho kabisa', jingine 'mwisho wa kweli'. Jiko la supu umelichora upya mara tisa, na jiko ni lile lile. Halafu simu. Unaishika hata kabla hujanywa maji."

"Nilikuwa nasoma maoni ya wasomaji."

"Wanasemaje?"

"Mmoja anasema pua ya baba mtu imekuwa ndefu."

"Basi hiyo pua imekula nusu saa." Sun-hui akafunua ukurasa. "Mimi nikipata harusi ya mavazi sita, silikati moja nikalimaliza ndipo nikate la pili. Nakata yote, nashona yote, pasi mwisho."

"Mimi si cherehani, Sun-hui."

"Cherehani ina akili. Ikichoka inakata uzi."

Sun-ok alinuna mpaka jioni. Lakini kesho yake, kwa kuwa mkono haukuruhusiwa kushika kalamu, alianza kufungua michoro yake ya miezi sita, mmoja mmoja, kwa mkono wa kushoto. Alishangaa. Jiko lilikuwepo tayari kutoka pande zote, masufuria yalikuwepo, mlango wa duka ulikuwepo ukiwa wazi, umefungwa, na umelowa mvua. Akavipa vyote majina ambayo hata mtoto angeyaelewa, akaviweka mahali pamoja. Siku zilizobaki alimsimulia Sun-hui hadithi kwa mdomo, Sun-hui akaandika, na juma lilipokwisha walikuwa na maneno ya sehemu tano zijazo. Hakuwa amechora mstari hata mmoja.

Aliporudi kazini aliifuata njia ya mdogo wake bila kubakiza kitu. Alichora nyuso zote kwa mkupuo, kisha nguo zote, kisha rangi, akamaliza siku mbili kabla ya wakati. Alijisifu mpaka Bi Pyo alipopiga simu.

"Kazi ni safi, Mwalimu. Ila mama wa kwenye hadithi ana uso mmoja, sokoni na mazishini."

Sun-ok alikata simu akamgeukia mdogo wake. "Umesikia?"

"Nilikwambia ukate vitambaa," Sun-hui akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akilishona. "Sikusema ukate watu."

Hapo ndipo Sun-ok alipoipata njia yake mwenyewe. Vyombo, kuta na nguo alivifanya kwa mkupuo mchana, redio ikiongea. Nyuso alizichora asubuhi, mkono ukiwa haujachoka, kwa mpangilio wa hadithi, simu ikiwa imefukiwa kwenye pipa la mchele. Na kila alipofunga kazi aliacha uso mmoja haujaisha, pengine jicho tu, ili kesho mkono usikae ukijiuliza uanzie wapi.

Hadithi ile iliendelea miaka minne, na hakukosa tena Alhamisi. Mkono ulimuuma wakati wa baridi, lakini haukuvimba. Wachoraji vijana walianza kumtembelea. Maeng Da-som, aliyekuwa na kipaji kuliko wote na daima yuko nyuma ya wakati, alimuuliza siri ni nini.

"Hakuna siri. Njoo saa mbili asubuhi ukae hapo."

Maeng alikuja siku tisa mfululizo. Siku ya kumi alibaki nyumbani kwake mwenyewe, akichora.

Ilipofika sehemu ya mwisho ya hadithi, bibi mwenye duka la supu alipaswa kulifunga na kutazama barabara. Kila kitu kingine kilikuwa tayari tangu Ijumaa: mlango, taa, theluji kwenye paa. Sun-ok aliuchora uso wa yule bibi asubuhi tatu, akaufuta mara mbili, na hakuna aliyemharakisha.