Barua kwa Baba Milembe

Mwalimu Zuena wa mtaa wa Soweto amefundisha walimu namna ya kufundisha kusoma kwa miaka kumi na moja, na ana ukali wake. Ukichelewa semina yake hapa Mbeya, utatamka sauti za herufi peke yako mbele ya watu wazima wenzako. Mimi Esnath, mwenzake kazini, yamenikuta mara mbili.

Lakini kipo kipengele kimoja akikifikia ananiachia mimi. Ni kile cha kumpima mtoto: mwambie asome kuanzia mstari wa chini. Anayejua ataendelea. Aliyekariri atakwama.

Mwaka juzi tulikwenda Usangu kumtembelea Catherine, mwalimu wa darasa la pili tuliyemfundisha wenyewe. Ana watoto mia na kumi na wanane. Alitaka kutufurahisha, maskini, akamwita Milembe, binti wa mfugaji, atusomee. Baba yake, Mzee Ngolo, alikuwa amepewa habari. Alikuja na galoni la maziwa ya wageni, akakaa dawati la nyuma, kofia magotini.

Milembe akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Mzee akawa anacheka peke yake kwa furaha.

Hapo ndipo Zuena alipokosea, nami sikumzuia. Akasema, "Vizuri sana, mama. Sasa anzia huku chini."

Milembe akaweka kidole chini, akatamka maneno ya mstari wa kwanza. Akarudia yaleyale. Darasa likaangua kicheko. Mtoto akamtazama baba yake.

"Kumbe anaimba tu," Mzee Ngolo alisema taratibu. "Miaka miwili, mwalimu? Mimi nilitaka mtu mmoja wa kunisomea pale nyumbani. Mmoja tu."

"Baba Milembe, nipe miezi mitatu," Zuena akamsihi. "Mtoto ana akili. Kosa ni letu walimu."

"Asante, mama." Akavaa kofia, akamshika binti yake mkono, wakaondoka. Maziwa alituachia. Sikuweza kuyanywa.

Milembe hakurudi shuleni. Siku hizi tunawaambia walimu kipimo kile kifanyike pembeni, mtoto na mwalimu wawili tu. Siku ile tulikuwa wapi na akili zetu?

Zuena aliandika barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, mwandiko mkubwa wa darasani. Aliomba akubaliwe aende kila Jumamosi amfundishe Milembe mpaka ajue. Catherine, kwa aibu, hakuipeleka mwenyewe. Alimpa mfugaji mmoja aliyekutana naye mnadani aifikishe.

Jibu halikuja. Miezi miwili Zuena alikuwa akiniambia, "Amekataa kunisamehe, na ana haki." Alikonda mpaka magauni yakampwaya.

Asubuhi moja tulikuwa tunapanga kadi za silabi, akaziweka chini ghafla.

"Esnath," akasema, "barua ile, kule kwao nani angeisoma?"

Tulikwenda kwa Mzee Ngolo Jumamosi hiyohiyo. Walikuwa wamehama na ng'ombe wao wiki tatu nyuma, na jirani hakujua walikoelekea.