Siku Tatu za Mume Wangu

Mume wangu alikuwa ametoka hospitali alikolazwa kwa nimonia, amelala nyumbani kwetu mtaa wa Malvern, huku ugenini, hata kwenda chooni mpaka ashikwe mkono. Mimi niko Braamfontein, katikati ya jiji, nafanya usafi kwenye ofisi za watu. Asubuhi ile nilideki ukumbi mmoja mara tatu, maana miguu ilikataa kutulia, na kila simu ilipotetemeka mfukoni niliichomoa nione kama ni yeye. Mwisho nikaiacha ndoo palepale, nikaenda kwa dada anayeshughulikia likizo zetu.

Akanisomea sheria kwa Kiingereza. Mtoto akiumwa, siku tatu kwa mwaka. Mume akifariki, siku tatu. Nikamuuliza, na mume akiumwa?

"Eish, mama, hapo hakuna kitu. Chukua likizo yako ya mwaka."

Nilishaimaliza Tanga, kwenye arobaini ya mama yangu. Nilitaka kumuuliza kama wanangoja mpaka afe, lakini ulimi ukagoma. Kwetu mgonjwa hachuriwi kwa kutajiwa kifo, hata mbele ya mtu asiyejua Kiswahili. Nikatia saini siku tatu bila mshahara, nikatoka na hasira zangu, aproni ya kazi bado kiunoni.

Nyumbani nilimkuta ameegemea mito, ananisubiri.

"Wamekupa siku ngapi?"

"Tatu."

"Alhamdulillahi. Wana utu."

Nikainama kumpangia mito ili asinione uso. Sikumwambia kwamba zile tatu za sheria hazijaguswa, bado zinamngoja.