Rejista ya Alhamisi

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya Kitengela. Ilikuwa na vyumba vitatu na mlango wa nyuma uliotazama nyasi za mbuzi wa jirani. Kila Alhamisi mchana, wanawake waliouza miili katika lojingi, zile nyumba za wageni za kando ya barabara ya Namanga, waliingia kwa mlango huo. Niliwapima, nikawatibu, kisha nikaandika kila kitu katika rejista kubwa ya kijani: jina kamili, umri, nyumbani kwao, ugonjwa, dawa.

Sitasema uongo kwamba niliwapenda. Nililelewa Magharibi mwa Kenya, katika nyumba ambayo jina la kazi yao halikutamkwa, na mume wangu alikuwa mwalimu na mzee wa kanisa. Miezi ya kwanza nilinawa mikono mara mbili kila walipoondoka.

Mmoja wao alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, wa Loitokitok. Alikuwa akiuza vitunguu mpakani hadi mume wake alipokufa na shemeji zake wakachukua shamba. Binti yake alisoma shule ya bweni huko Isinya, akiamini kwamba mama anauza mitumba. Mwili wake ulikataa penisilini. Mara ya kwanza nilipomdunga alivimba koo mbele yangu, nikadhani nimemuua. Tangu siku hiyo tuliongea kama watu.

Alhamisi moja alikuja jicho likiwa limevimba kwa kipigo hadi kufunga.

"Umeripoti?" nikamuuliza.

"Nilienda, Sista. Askari akaniuliza, 'Na ulikuwa unafanya nini kwa hiyo chumba?' Nikisema ukweli, ni mimi nitalala ndani ya seli. Nikamwambia nilianguka."

Wakati huo redio zilikuwa zimeshika mjadala mmoja: kazi ile ihalalishwe au isihalalishwe. Watu walipiga simu wakilia Sodoma, wengine wakisema afadhali sheria kuliko unafiki. Wanawake wangu nao walibishana kwenye benchi wakingoja zamu. Yule mama aliitaka sheria. "Mtu akinipiga nitasimama kituoni na nimtaje," alisema. Msichana aliyekaa kando yake alitikisa kichwa. "Wakihalalisha, wataandika majina. Ndugu yangu ni karani huko Kajiado. Jina langu litamfikia kabla ya chai ya saa nne."

Mimi niliita zamu iliyofuata. Moyoni niliona hayo ni maneno ya Nairobi, yatapita.

Hayakupita. Chifu aliita baraza, nikaenda na mume wangu. Afisa aliyetoka wilayani alisimama akaongea kwa upole sana. Alisema yeye haungi mkono upande wowote. "Sheria ikipita, hawa akina mama watasajiliwa wapewe kadi. Isipopita, watashtakiwa. Vyovyote vile, lazima kwanza tujue ni akina nani." Watu walipiga makofi, wa upande huu na wa upande ule.

Ndipo sauti nyuma yangu ikasema, bila hata kupandishwa, "Majina yako zahanati. Sista ako nayo."

Vichwa viligeuka. Nilihisi jasho likishuka mgongoni, na mume wangu akatazama viatu vyake.

Siku ya pili afisa yule alikuja na askari wawili wa utawala. Wagonjwa walikuwa wamejaa, watoto wakilia. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya watoto wangu, tena alijua wanasoma shule gani. Hilo ndilo lililonitisha kuliko bunduki za wale askari.

"Nataka kuona rejista ya Alhamisi tu, Sista. Nitairudisha."

"Imefungiwa kabatini," nikasema. "Ufunguo uko na mkubwa wangu, na ameenda mkutano Kajiado."

"Atarudi lini?"

"Jumatatu."

Alinitazama, akatazama kabati, akatazama mfuko wa koti langu ambamo ufunguo ulikuwa umelala. "Basi Jumatatu," akasema. Walipoondoka nilimpima joto mtoto aliyefuata.

Nilibeba rejista nyumbani ndani ya kiondo, sukuma wiki juu yake. Njia nzima nilisikia viatu nyuma yangu, na kila nilipogeuka hakukuwa na mtu.

Jumamosi asubuhi niliingia chumbani nikamkuta mume wangu ameketi kitandani, rejista wazi magotini.

"Utafungwa kwa sababu ya malaya?" aliuliza. "Wape kitabu chao! Tuko na watoto."

"Funga hicho kitabu," nikamwambia.

Hakufunga. Kidole chake kilikuwa kimesimama mahali. "Huyu," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Huyu si ni wa kwaya yetu?"

Nilimnyang'anya kwa nguvu hata ukurasa ukachanika. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu mpya kabisa. Siri ile haikuwa imemaliza siku mbili nyumbani kwangu, mikononi mwa mtu mwema anayeomba kabla ya kula. Ingekuwaje mezani kwa afisa, mbele ya makarani na wapiga chapa na binamu zao?

Nadhani naye aliliona hilo. Aliokota kipande cha ukurasa kilichoanguka. Kisha akasema, "Sasa kesho nitamtazamaje akiimba?" Na baadaye, "Choma."

Nilifundishwa kwamba rekodi ya mgonjwa haiguswi. Jumapili tulisema tuna homa, hatukwenda kanisani. Nilinakili magonjwa na dawa katika daftari jipya, na badala ya majina nikaweka namba. Mchana, wakati wapangaji wote wa ploti yetu wako ibadani, tulirarua rejista ukurasa mmoja mmoja tukaitia katika jiko la makaa. Jalada lilikataa kuwaka. Lilitoa moshi mweusi unaonuka gundi, na kila lango la ploti lilipolia tuliruka kama wezi.

Jumatatu nilimpa afisa daftari la namba. Aligeuza kurasa polepole.

"Na majina?"

"Hakuna majina."

"Wewe ni mama mwenye akili," alisema. "Hebu nenda nyumbani upumzike hadi uitwe Kajiado."

Nilisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Njiani kurudi ndipo nilipokumbuka penisilini. Alhamisi muuguzi mwingine angekaa kwenye kiti changu bila rejista. Hata lile daftari afisa alikuwa amekwenda nalo. Nani angejua mwili wa yule mama unakataa nini?

Kwa hiyo Jumatano, saa tano mchana, jua kali, niliingia lojingi kwa mara ya kwanza maishani. Nilijifunga leso kichwani hadi kwenye nyusi. Mbele ya duka la pembejeo alisimama mama mmoja wa kanisa letu. Aliniona. Nilimwona akiniona. Sikurudi nyuma, ingawa miguu ilitaka.

Nilibisha chumba nilichoelekezwa. Yule mama wa Loitokitok alifungua mlango kidogo, na aliponitambua uso ulimshuka. "Sista, ni ile damu mlipima? Niambie haraka."

"Hapana, si damu. Nisikilize. Mtu yeyote akitaka kukudunga, umwambie penisilini hapana. Sema neno lenyewe."

"Pe-ni-si-li-ni." Alilirudia mara nne kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akaketi kitandani. "Na kitabu?"

"Nimekichoma."

Alifunika mdomo, machozi yakamtoka. "Bado naitaka hiyo sheria," alisema baadaye. "Lakini naogopa wenye wataishika."

Kajiado nilingojeshwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri. Wanaume watatu waliniuliza swali moja kwa njia kumi. Niliwajibu kwamba rejista iliharibika, na kila mara nilikuwa na hakika pingu zinakuja. Hazikuja. Nilipewa barua ya uhamisho hadi zahanati karibu na Entarara, mwisho kabisa wa wilaya, niripoti katika wiki mbili. Mume wangu alibaki na watoto. Alijiuzulu uzee wa kanisa bila kueleza sababu, na kwa miaka mitatu tulionana mwisho wa mwezi.

Sheria haikubadilika. Juzi redio ilirudia mjadala ule ule, na mmoja wa kikundi chetu cha akina mama, tukiwa mkutanoni, akanigeukia: "Wewe ulikuwa muuguzi, unasemaje?" Nilitaka kumjibu kwamba mwanamke aliyepigwa lazima aweze kuripoti bila kulala ndani, na kwamba sijui ni nani ningemwamini akae na majina. Lakini nyuso zote zilikuwa zimenigeukia, na nikahisi jasho likishuka tena mgongoni. Nikasema sijui, nikainuka kuchukua chai.