Koti la studio limefika Muyinga

Kuna wanaume ukiwapa kanzu iliyopigwa pasi wanaona umewatukana.

Shemeji yangu Saidi anaposa binti mmoja wa Muyinga. Leo nimempeleka studio hapa Gitega, apige foto ya kuwatumia wazazi wa binti.

Kanzu nilimnyooshea mwenyewe. Akaikataa.
"Hiyo ni ya kuswalia. Mi nataka nionekane bosi."

Akavaa koti la studio, lile moja la wateja wote, mfuko umechanika. Lilimzidi, mpiga foto akalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo.
Bosi huyo.

Foto ikatumwa.

Baba wa binti akajibu kwa foto yake mwenyewe ya zamani, aliyopiga studio hii hii. Koti lile lile, mfuko ule ule.
Chini ameandika: "Siku ukija, vaa nguo yako."

Sasa bosi ananiuliza kanzu iko wapi.
Nyinyi mnasemaje, nimwambie?