Maji Aliyoyameza Baba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, jina langu la ubatizo, Rosa, nililisikia shuleni tu, mwalimu alipoita rejista. Nyumbani nilikuwa Mkosi. Mama alifariki aliponizaa, na Baba, karani wa serikali aliyeletwa Lodwar kutoka upande wa Kitale, hakuwahi kuona sababu ya kulifunga faili hilo. "Mkosi, sogea." "Mkosi, nani amekuuliza?" Barua za wakubwa alizijibu siku hiyo hiyo, kwa nakala tatu. Mimi niliweza kumaliza wiki bila jibu.

Aliyenilisha ni Akiru, mama wa Kiturukana aliyetuletea maji ya mtoni. Siku moja alinikuta nimejikunyata nyuma ya tangi, akaniwekea kiganja kifuani.

"Maneno ya baba inakaa hapa," akasema. "Kama mwiba. Mimi siwezi toa. Nani alisema? Huyo ndiye anatoa. Anachukua maji kwa mdomo, anakupulizia hapa, anaita jina yako. Basi, imeisha."

"Na asipotaka?"

"Utatembea na hiyo."

Utaratibu huo ulikuwa wazi kuliko wowote niliouona ofisini kwa Baba, na haukuhitaji muhuri. Niliuamini wote.

Ikaja barua ya uhamisho: Kakuma, mara moja. "Mara moja" ya serikali ilichukua miezi miwili, hadi lori lilipopatikana. Akiru akanionya tusivuke mto kabla jambo halijafanywa. Neno likivuka nawe, alisema, halijui tena njia ya kurudi.

Asubuhi ya safari lori lilikuwa limeshapakiwa, meza ya Baba juu kabisa, miguu ikielekea mbinguni. Akiru akaja na kibuyu.

"Ejok, Karani," akamsalimia Baba kwa Kiturukana. "Hii mtoto yako ina uzito. Pulizia yeye maji kabla ya kuvuka."

"Mama, mimi ni Mkristo."

"Hata mimi. Padri alinimwagia maji pia."

Wapakizi wakacheka. Dereva akasema, "Mzee, si ni maji tu? Jua linapanda."

Nilikuwa nimeshafungua kifungo cha juu cha gauni. Baba akapokea kibuyu, akajaza mdomo, mashavu yakavimba. Akanitazama. Sikumbuki siku nyingine aliyonitazama muda mrefu hivyo. Nikafumba macho, nikangoja.

Nikasikia koo lake. Alikuwa ameyameza.

"Asante, Mama, nilikuwa na kiu," akasema, akapanda mbele, karibu na dereva.

Akiru akachukua funda lake mwenyewe, akanipulizia kifuani, akaniita Rosa. "Hii ni ya njia tu," akasema. "Si ile." Alikuwa mkweli mno, siku ile ningependa anidanganye. Gauni lilikauka kabla hatujafika nusu ya safari, na neno la kwanza nililoitwa Kakuma lilikuwa, "Mkosi, shuka."

Baba alistaafu, akafa, akazikwa, na hati zake zote zilikuwa sawa. Ukubwani nilimwendea mshauri, akanipa fomu. *Tatizo lilianza lini?* Nafasi ya jibu: nusu mstari. Mshauri huyo ni mama mwema hata hivyo. Amenifundisha kujiambia kila asubuhi yale ambayo Baba hakuyasema, na hunisaidia kama maji ya njia yalivyonisaidia: hadi nusu ya safari.

Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba funda la maji haling'oi neno. Kinachonikosesha raha ni yale mashavu yaliyojaa. Mtu asiyetaka kabisa hajazi mdomo. Alikaribia, kilichomzuia sitakijua, na wa kumuuliza hayupo.

Binti yangu nilimpulizia maji siku aliyozaliwa, nikamwita jina lake mara tatu. Muuguzi akaandika jambo kwenye kadi yangu. Nami mwenyewe nimejaribu, mlango nimeufunga, nimesimama mbele ya kioo, nikapuliza, nikaita Rosa. Kilicholowa ni kioo.