Mgongo wa Jiwe

Mwashi wa kijiji cha Montferrol halazi jiwe kabla hajaligeuza na kulipapasa mgongo kwa kiganja, polepole, kama mtu anayetafuta kupe kwenye kondoo. Odile, karani wa kijiji, ameyaona hayo miaka ishirini, na akimuuliza sababu hujibiwa kwa sauti iliyokauka kwa chokaa: "Lenye alama hulala kifudifudi, dada. Ndivyo babu alivyonifunza."

Jumatatu alikuja mtaalamu kutoka mjini, aamue kama zizi la zamani libomolewe barabara ipite. Wanakijiji wameshikilia siku zote kwamba zizi hilo ndilo nyumba ya wale watawa wapiganaji ambao mfalme aliwafutilia mbali miaka mia saba iliyopita, akaamuru na misalaba yao myekundu ikwanguliwe kutoka kwenye kuta. Mtaalamu alizunguka kuta mara mbili, Odile na mwashi wakimfuata, akafunga daftari. "Hakuna msalaba hata mmoja, mama. Hili ni zizi tu." Mwashi akacheka mpaka akakohoa. "Bosi, wewe umeangalia nyuso tu!" Akachomeka mtaimbo, akang'oa jiwe kando ya mlango, akaligeuza, akafuta udongo kwa kiganja kilekile. Msalaba huo hapo, umechongwa ukazama, rangi nyekundu ingali kwenye pembe zake. Akang'oa la pili: msalaba. La tatu: msalaba. Waashi wa zamani hawakukwangua kitu, waligeuza tu. Odile alikuwa akipiga makofi peke yake kama mwendawazimu. Mwashi akaegemea mtaimbo, akamtazama mgeni.

"Niendelee, bosi, au daftari limejaa?"