Ubatizo wa Bisimwa

Hakuna mtu wa mtaa wa Kadutu aliyehudhuria mafundisho ya ubatizo miaka mingi kama Bisimwa, fundi wa kujenga wa Cimpunda, sehemu ya mtaa huo. Katekisimu yote aliijua kichwani. Lakini kila Pasaka ilipokaribia alijiondoa. Alikuwa na hasira kali, akaapa kwamba hatabatizwa mpaka aishinde. Mke wake Eulalie, Mkristo tangu utotoni, alikuwa amechoka kumbembeleza.

Mwaka 1956, wakati wa Kwaresima, Bisimwa na mafundi wengine walikuwa wakijenga nyumba ya Mzungu mmoja kando ya ziwa. Mwenzake Jean-Baptiste alimwambia kwamba ukuta wake umepinda. Ulikuwa umepinda kweli. Bisimwa alimpiga usoni kwa mwiko wake wa kujengea, akampasua juu ya jicho.

Alifukuzwa kazi siku ileile. Jean-Baptiste alikataa kumshitaki. Bisimwa akaacha mafundisho, akawa analima viazi nyuma ya nyumba bila kusema na mtu.

Jumapili moja Jean-Baptiste alibisha hodi, kidonda bado kibichi. Eulalie akampa kiti.

"Padri ananiuliza uko wapi," alisema mgeni. "Nimemwambia mimi ndiye nitakuwa parrain yako, baba yako wa ubatizo."

Bisimwa aliinamisha kichwa. "Weye? Angalia vile mukono yangu ilikufanya."

"Nimeangalia. Niko na kioo."

"Acha kwanza hii hasira iishe. Mutu muchafu hawezi kuingia kwa Mungu."

"Papa, kama ungeweza kujiosha peke yako, Yezu alikuya kufanya nini? Na mimi, usizani niko musafi. Uliza bibi yangu."

Bisimwa alifikiri. "Basi nikujengee jiko kwanza."

"Jiko utajenga, lakini baada ya ubatizo. Ukijenga mbele, utazani umelipa."

Alibatizwa Pasaka ile, akaitwa Grégoire. Jiko alilijenga kiangazi.

Hasira haikumtoka. Hata Pentekoste haijafika, alimkaba muuza chokaa sokoni mbele ya watu. Zamani angejifungia nyumbani na kuacha kwenda kanisani. Safari hii alirudi kwa yule mtu, akamwomba msamaha, akatukanwa, akanyamaza. Jumamosi akaenda kuungama.

"Padri amesema nini?" Eulalie aliuliza.

"Amesema nirudi tena nikianguka."

"Na utarudi?"

"Nitarudi," alisema, akavua viatu, akaomba chakula.